Kumbatiza Mtoto: Tangu Kubisha Hodi Ofisini Hadi Jina Kuingia Kitabuni

Wazazi wengi wanapokuja kuandikisha mtoto wao, swali la kwanza huwa ni moja: "Tarehe ipi ina nafasi?" Swali ni zuri, ila linawahi. Kabla ya tarehe kuna maswali mengine, nayo yataulizwa mbele ya watu wote siku hiyo: mnaomba nini, mnamkataa Shetani, mnasadiki. Mtoto hawezi kuyajibu. Wewe ndiye utakayeyajibu, kwa sauti yako, na jibu lako ndilo Kanisa litakaloshika.

Nimekaa miaka mingi kwenye meza ya kuandikisha ubatizo na kufundisha wazazi na wasimamizi, yaani baba na mama wa ubatizo. Nimeona wanaokuja na kila karatasi mkononi lakini hawajazungumza hata dakika tano kuhusu kile wanachokwenda kuahidi. Nimeona pia wanaokuja mikono mitupu, wakiwa na aibu, nao ndio waliofikiri zaidi. Hapa nitapita hatua kwa hatua, nikianzia Kanisa Katoliki kwa sababu ndiko ninakokujua kwa mikono yangu, na nikitaja wengine pale wanapotofautiana nasi.

Jueni kwanza kanisa lenu linambatiza nani

Waorthodoksi, Wakatoliki, Waanglikana, Walutheri, Wapresbiteri na Wamethodisti hubatiza watoto wachanga. Wabaptisti, Waadventista Wasabato na Wapentekoste walio wengi hawabatizi mpaka mtu aweze kukiri imani kwa kinywa chake mwenyewe. Kwao mtoto huletwa mbele ya kusanyiko, akaombewa na kuwekwa wakfu, kwa kumkumbuka Yesu alivyopelekwa hekaluni na wazazi wake katika Luka sura ya 2. Ibada hiyo ina uzito wake na isidharauliwe, lakini si ubatizo, na haitolewi cheti cha ubatizo. Nalisema wazi kwa sababu mara kadhaa nimekutana na kijana anayejiandaa kwa ndoa ambaye maisha yake yote ameamini alibatizwa utotoni, kumbe aliombewa tu.

Kubatiza watoto si jambo la jana. Matendo ya Mitume sura ya 16 inasimulia ubatizo wa Lidia pamoja na nyumba yake, na wa mlinzi wa gereza pamoja na watu wake wote. Maandiko ya karne ya 3 yanayohusishwa na Hipoliti wa Roma yanaagiza watoto wabatizwe kwanza, na wale wasioweza kusema wasemewe na wazazi au na mtu wa ukoo wao. Katikati ya karne hiyohiyo, Siprian, askofu wa Karthago, aliandika pamoja na maaskofu wenzake kumjibu aliyetaka mtoto asubiri hadi siku ya nane. Jibu lao lilikuwa asisubirishwe.

Lakini wako pia waliosubirishwa. Agostino, aliyezaliwa mwaka 354, aliugua sana akiwa mdogo, akaomba abatizwe. Mama yake Monika akaanza kuandaa mambo. Kijana akapona ghafla, na ubatizo ukaahirishwa. Ulikuja kufanyika Milano, Pasaka ya mwaka 387, kwa mikono ya Askofu Ambrosi. Baadaye aliandika akijiuliza kwa nini aliachwa asubiri. Huwa nawasimulia wazazi habari hii wanaposema "tutamsubiri akue achague mwenyewe". Siwalazimishi. Ila nawaambia kwamba hata kusubiri ni uamuzi mnaomfanyia mtoto, na yeye atakuja kuuliza sababu yake.

Msingoje hadi mtoto atembee

Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, kanuni ya 867, inawataka wazazi wahakikishe mtoto anabatizwa ndani ya majuma ya kwanza baada ya kuzaliwa. Inaongeza jambo ambalo wengi hawalijui: mnaweza kwenda kwa paroko, padre anayeongoza parokia yenu, hata kabla mtoto hajazaliwa. Nawasihi mfanye hivyo. Miezi ya mwisho ya ujauzito kuna nafasi ya kukaa na kufikiri. Mtoto akishafika, hakuna anayelala na hakuna anayekumbuka cheti kiliwekwa wapi.

Kwa desturi ya Waorthodoksi, mama na mtoto hupokelewa kanisani siku ya arobaini, na ubatizo hufuata hapo au baadaye.

Siku inayopendekezwa ni Jumapili, au Mkesha wa Pasaka ikiwezekana. Parokia nyingi haziweki ubatizo wa watoto wakati wa Kwaresima, kwa hiyo angalieni kalenda mapema. Na mtoto akishatimiza miaka 7, mambo hubadilika. Anahesabiwa kuwa na akili ya kutambua, hivyo ataandaliwa kwa mafundisho yake mwenyewe na kuulizwa yeye.

Kubisha hodi

Mahali pa kwenda ni parokia yenu wenyewe, pale mnapokaa. Mkitaka mtoto abatizwe kwingine, labda kwa babu na bibi, anzeni bado kwa paroko wenu na mwombe barua ya ruhusa. Barua hiyo huokoa safari nyingi.

Bebeni cheti cha kuzaliwa cha mtoto au karatasi ya hospitali kama cheti hakijatoka. Bebeni pia kumbukumbu za ubatizo wa wazazi, cheti cha ndoa ya Kanisa kama mnacho, na majina kamili ya wasimamizi mliowafikiria. Kila parokia ina nyongeza zake, basi ulizeni siku ya kwanza na muandike chini.

Sasa niseme na wale wanaokaa nje ya ofisi wakiogopa kuingia.

Kama hamjafunga ndoa Kanisani, ingieni. Kama wewe ni mama peke yako, ingia. Sheria inadai mambo mawili tu ili mtoto abatizwe kihalali: mzazi mmoja angalau akubali, na kuwe na tumaini la msingi kwamba mtoto atalelewa katika imani. Haidai pete. Januari 2014, Papa Fransisko alipobatiza watoto 32 katika kikanisa cha Sistina huko Vatikani, miongoni mwao alikuwamo mtoto wa wazazi waliokuwa na ndoa ya kiserikali tu. Pale tumaini linapokosekana kabisa, sheria inasema ubatizo uahirishwe na wazazi waelezwe sababu. Kuahirisha si kukataa. Ukiambiwa "bado", uliza kwa heshima: "Padre, tufanye nini ili iwe tayari?" Swali hilo unastahili kujibiwa.

Kuhusu mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, jina la mama huandikwa kitabuni iwapo umama wake unajulikana hadharani au yeye mwenyewe akiomba kwa hiari, kwa maandishi au mbele ya mashahidi wawili. Jina la baba huandikwa iwapo kuna hati ya serikali inayothibitisha, au yeye mwenyewe akitamka mbele ya paroko na mashahidi wawili. Kina baba, hili ni jambo la dakika chache na mtoto atalibeba maisha yote. Njooni.

Na sadaka? Kanuni ya 848 inasema mhudumu asidai chochote zaidi ya sadaka iliyopangwa na mamlaka ya Kanisa, na aangalie daima wahitaji wasinyimwe sakramenti kwa sababu ya umaskini. Kama huna, sema huna. Usimcheleweshe mtoto kwa sababu ya sadaka, wala kwa sababu sherehe ya nyumbani haijachangiwa ikatimia. Sherehe inaweza kusubiri.

Msimamizi: hapa ndipo wengi wanapokosea

Mtu anachaguliwa kwa kuwa ni rafiki wa zamani, au kwa kuwa ana uwezo, au kwa kuwa asipochaguliwa atanuna. Kisha ofisini tunagundua kwamba hana kipaimara, sakramenti ya kuimarishwa kwa Roho Mtakatifu, na familia nzima inaona haya.

Masharti ya Kikatoliki ni haya. Awe ametimiza miaka 16, isipokuwa askofu amepanga umri mwingine au paroko ameona sababu ya haki. Awe Mkatoliki aliyekwisha pata kipaimara na Ekaristi, anayeishi maisha yanayolingana na imani na kazi anayopewa. Asiwe baba wala mama wa mtoto. Asiwe amefungwa na adhabu ya Kanisa. Anatosha mmoja, mwanamume au mwanamke. Mkichukua wawili, awe baba wa ubatizo mmoja na mama wa ubatizo mmoja. Watu husikitika wakisikia hivyo kwa sababu walishawaahidi watano. Ahadi hizo zivunjeni mapema, kwa upole.

Rafiki aliyebatizwa katika kanisa lingine la Kikristo anaweza kusimama kama shahidi wa ubatizo, pamoja na msimamizi Mkatoliki, na jina lake likaandikwa. Kwa Waanglikana desturi ya zamani ni wasimamizi watatu: mtoto wa kiume, wanaume wawili na mwanamke mmoja, wa kike, wanawake wawili na mwanamume mmoja. Waorthodoksi wanamtaka msimamizi awe Mworthodoksi, na kwao undugu wa kiroho unaozaliwa kwenye kisima cha ubatizo ni kizuizi cha ndoa. Kanisa la Kilatini, yaani sehemu ya Kanisa Katoliki inayofuata mapokeo ya Roma, lilikuwa na kizuizi cha namna hiyo kati ya msimamizi na aliyebatizwa hadi sheria mpya ya 1983.

Nikiombwa ushauri, nasema hivi: mtafuteni mtu ambaye mtoto akiwa na miaka 15, akigombana nanyi na kufunga mlango wake, atamfungulia. Mtu anayesali bila kulazimishwa. Anayekaa mahali panapofikika. Zawadi za siku ya ubatizo huisha haraka, lakini mtoto ataendelea kumhitaji mtu wa kumuuliza yale asiyoweza kukuuliza wewe.

Mkishampata, msimwambie kwa ujumbe mfupi. Mwendeeni. Mwambieni kwa nini yeye, na mpeni nafasi ya kukataa bila kinyongo. Mwanamke mmoja aliyeombwa kuwa mama wa ubatizo alikuja kwangu akiwa na wasiwasi, akasema haoni kama anafaa, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anaanza kurudi kanisani. Tukaongea. Akaenda kuungama, akasimama, na leo ndiye anayemleta yule mtoto kwenye mafundisho kila juma. Wasiwasi ule niliupenda, kwa maana aliyeombwa alielewa anaombwa nini.

Jina

Sheria ya mwaka 1917 ilimtaka paroko aongeze jina la mtakatifu pale wazazi walipotoa jina lisilo la Kikristo. Sheria ya 1983 haikurudia agizo hilo. Inataka tu wazazi, wasimamizi na paroko waangalie kwamba jina halipingani na maana ya Kikristo. Kwa hiyo jina la kiasili halina ubaya wowote.

Hata hivyo jina la mtakatifu bado ni zawadi nzuri, hasa kama mnalichagua kwa sababu. Martin Luther alizaliwa tarehe 10 Novemba 1483 na kubatizwa kesho yake, sikukuu ya Mtakatifu Martino wa Tours, ndipo akapewa jina hilo. Mnaweza kufuata njia hiyohiyo: angalieni ni sikukuu ya nani siku aliyozaliwa, au mchukue mtakatifu ambaye maisha yake mnayajua na mtaweza kuyasimulia usiku kabla ya kulala.

Ombi langu moja la mtu wa ofisi: jina litakaloandikwa kitabuni lilingane, herufi kwa herufi, na lililo kwenye cheti cha kuzaliwa. Mkiongeza jina la ubatizo, liongezeni; msibadilishe yaliyopo.

Mafundisho ya wazazi na wasimamizi

Idadi ya vipindi hutofautiana toka parokia hadi parokia. Hudhurieni wote, wazazi na wasimamizi, na mtoto aje naye kama hakuna wa kumwachia. Msikilize kama watu watakaoulizwa. Jambo lolote msilolielewa katika Kanuni ya Imani ya Mitume, liulizeni pale, kwa kuwa siku yenyewe mtatamka "nasadiki" kwa kila sehemu yake. Kama kuna fungu ambalo moyo wako unakwama nalo, mwambie katekista au padre. Hujawa mtu wa kwanza.

Familia zenye mzazi mmoja Mkatoliki na mwingine wa kanisa lingine zizungumze nyumbani kabla ya kufika hapa. Mkatoliki alipopewa ruhusa ya ndoa hiyo aliahidi kufanya yote awezayo ili watoto wabatizwe na kulelewa katika Kanisa Katoliki, na mwenzake aliarifiwa. Ahadi hiyo isitumike kama rungu. Na mjue kwamba ubatizo wa maji kwa jina la Utatu Mtakatifu, uliofanywa ipasavyo kwa Walutheri, Waanglikana au Waorthodoksi, Kanisa Katoliki linautambua. Mtu habatizwi mara mbili.

Siku yenyewe

Mtoto ale kabla ya kuondoka. Akiona njaa katikati ya ibada, mama amnyonyeshe. Papa Fransisko aliwaambia hivyo kina mama palepale Sistina, akiwataka wasisite. Na akilia, alie. Hakuna padre mwenye busara anayekereka.

Mvalisheni nguo inayofunguka shingoni kwa mbele, kwa sababu atapakwa mafuta kifuani. Nimeona wasimamizi wawili na bibi mmoja wakipambana na vifungo vidogo vya mgongoni huku padre amesimama na kidole chenye mafuta. Kofia na vitambaa vya kichwani viacheni nyumbani, au mvivue mkiingia. Vazi jeupe libebeni kando, na taulo ndogo laini. Ulizeni kama mshumaa unatolewa na parokia au mnakuja nao. Kwa Waorthodoksi jiandaeni zaidi: mtoto huvuliwa nguo zote na kuzamishwa mara tatu, kwa hiyo taulo kubwa, nguo mpya kamili na msalaba wa shingoni ni lazima viwepo.

Mtapokewa mlangoni. Padre au shemasi atauliza mmempa mtoto jina gani, na mnamwombea nini kwa Kanisa la Mungu. Jibu fupi ni "ubatizo". Litamkeni kwa sauti. Kisha atamwandika alama ya msalaba kwenye paji la uso, na atawaalika ninyi wazazi na wasimamizi mfanye vivyo hivyo kwa kidole gumba. Msifanye haraka. Kwa wazazi wengi hiyo ndiyo mara ya kwanza kumbariki mtoto wao, na wengi wakishaanza hawaachi. Humwandika msalaba kila usiku.

Yanafuata masomo, maombi, litania ya watakatifu, sala ya kumkinga na uovu, na mafuta ya wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, kifuani. Kisha mnasogea kwenye kisima, maji yanabarikiwa, na maswali yanakuja. Mnamkataa Shetani? Na mambo yake yote? Na fahari zake zote? Mnasadiki kwa Mungu Baba? Kwa Mwana? Kwa Roho Mtakatifu? Wazazi wengine hujibu kwa kunong'ona, macho kwenye simu ya mpiga picha. Mpeni mpiga picha maelekezo yake mapema na mmsahau. Someni maswali hayo usiku wa jana yake, ninyi wawili, mezani, mmoja akiuliza na mwingine akijibu. Shetani unamkataa katika nini hasa, katika nyumba hii? Mkilijibu hilo nyumbani, kanisani sauti itatoka yenyewe.

Kisha maji. Mama au baba ndiye amshike. Msimamizi aweke mkono wake begani mwa mtoto au awe tayari na taulo. Mlaze mtoto juu ya mkono wa kushoto, shingo yake ikiegemea kwenye kiwiko, uso ukiangalia juu na kichwa kikitangulia juu ya kisima, ili maji yatiririke kutoka utosini kwenda nyuma wala yasiingie machoni. Usimkaze. Maji ya kwanza yakigusa utosi, mara nyingi mtoto hufumbua macho yote na kunyamaza, kama anayesikiliza. Ya pili, vidole vyake vinashika nguo yako. Ya tatu ndipo kilio, na maji yanadondoka kutoka kwenye nywele zake laini, tone kwa tone, kurudi kisimani. Nimesimama pale na taulo mara nyingi sana na bado hapo huwa nashindwa kuimba.

Baada ya maji, padre humpaka krisma utosini, mafuta yenye harufu nzuri, akimwunganisha na Kristo aliye kuhani, nabii na mfalme. Halafu anavikwa vazi jeupe. Kisha mshumaa: baba au msimamizi anauwasha kutoka kwenye mshumaa wa Pasaka. Aushike mbali na vazi na kichwa cha mtoto, tafadhali. Padre anaweza kumgusa masikio na kinywa, akilikumbuka neno "Efatha" la Marko 7:34. Mnasali Baba Yetu, na mwisho kuna baraka ya mama na baraka ya baba.

Mtoto wa Kanisa la Kilatini atasubiri miaka kadhaa kabla ya Komunyo na kipaimara. Kwa Waorthodoksi na Wakatoliki wa Mashariki, mtoto hupakwa krisma na kupokea Ekaristi tangu utoto wake.

Maji na maneno havina mbadala

Ubatizo unasimama juu ya maji ya kweli yanayomiminwa kichwani au ya kuzamishwa, na maneno haya: "Mimi nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Waorthodoksi husema "Mtumishi wa Mungu fulani anabatizwa…", nao ubatizo wao ni halali. Lakini Agosti 2020 Vatikani ilijibu swali kuhusu wahudumu waliokuwa wakisema "Sisi tunakubatiza", wakidhani wanaishirikisha jamaa yote. Jibu lilikuwa kwamba ubatizo huo si halali, na waliobatizwa hivyo wabatizwe upya, kwa kuwa anayebatiza ni Kristo mwenyewe kupitia mhudumu. Basi sikilizeni maneno. Mkiwa na shaka, ulizeni siku hiyohiyo kabla ya kuondoka, kwa adabu.

Mtoto akiwa hatarini

Sehemu hii isomeni hata kama mtoto wenu ni mzima.

Mtoto akiwa katika hatari ya kufa na padre au shemasi hapatikani, mtu yeyote anaweza kumbatiza: baba, muuguzi, jirani, hata mtu asiyebatizwa, mradi anakusudia kufanya kile Kanisa linachofanya. Chukua maji ya kawaida. Mmiminie kichwani mara tatu ukitaja jina na kusema: "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Basi. Kama mtoto yuko ndani ya kifaa cha kulelea watoto njiti, matone machache yanayotiririka juu ya ngozi ya kichwa yanatosha. Mwombeni muuguzi maji safi na msaada. Walutheri na Waanglikana nao wana ubatizo wa dharura wa namna hiyo.

Baadaye mjulisheni paroko ili jina liandikwe. Mtoto akipona, mleteni kanisani akamilishiwe taratibu nyingine zote: mafuta, vazi, mshumaa. Maji hayarudiwi.

Na mtoto akifariki kabla ya maji? Sakramenti ni za walio hai, hivyo habatizwi akishakufa. Lakini kama mlikuwa mmekusudia kumbatiza, askofu anaweza kuruhusu azikwe kwa ibada ya Kanisa, ombeni. Mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia ya Vatikani ilitoa hati nzima kueleza kwa nini Kanisa linatumaini wokovu wa watoto hawa. Mtu akikuambia mtoto wako amepotea kwa kuwa hakubatizwa, hajui Kanisa linafundisha nini. Mikono ya yule aliyesema "waacheni watoto wadogo waje kwangu" haijafungwa.

Neno moja kwa mabibi: kumbatiza mjukuu mzima kwa siri, kwenye beseni la kuogea, kwa sababu wazazi wake hawasali, msifanye. Najua uchungu wenu. Lakini nje ya hatari ya kufa, ubatizo unahitaji mzazi anayekubali na mtu wa kumlea katika imani, na siri hiyo huzaa mkanganyiko miaka mingi mbele. Mwombeeni, mfundisheni kuandika msalaba, na mzungumze na wazazi.

Kitabu

Msiondoke bila kuliona jina kitabuni. Padre au katibu ataandika jina la mtoto, wazazi, wasimamizi, mhudumu, mahali na tarehe ya ubatizo, mahali na tarehe ya kuzaliwa. Inameni juu ya meza msome mstari wenu. Herufi moja iliyokosewa hurekebishwa kwa dakika moja siku hiyo. Baada ya miaka 25, mchumba akiwa amekwisha tangaza ndoa, hugeuka safari, barua na viapo. Niliwahi kumpokea kijana ambaye mwaka wake wa kuzaliwa kitabuni ulikuwa baada ya mwaka wake wa ubatizo. Tulicheka kidogo, halafu tukatafuta mashahidi kwa majuma matatu.

Kitabu hicho kinaendelea kuandikwa. Kipaimara, ndoa, upadre, nadhiri za kitawa, yote hurudi kuandikwa pembeni mwa mstari uleule. Ndiyo sababu mtu anapotaka kuoa au kuolewa huombwa cheti kipya kutoka parokia alikobatizwa, ingawa cha zamani anacho nyumbani. Kwa hiyo andikeni mahali penu pa kudumu jina la parokia, tarehe, na namba iliyo kitabuni. Kitabu kikiungua au kikipotea, tamko la shahidi mmoja asiye na shaka linatosha kuthibitisha ubatizo. Hapo ndipo msimamizi mliyemchagua vizuri anaitwa tena.

Tarehe yenyewe mfundisheni mtoto aijue, kama anavyoijua siku yake ya kuzaliwa. Papa Fransisko, aliyebatizwa siku ya Krismasi mwaka 1936, aliwapa watu kazi hiyo mara nyingi: nendeni nyumbani mkaulize mlibatizwa lini. Papa Yohane Paulo wa Pili aliporudi Wadowice, mji aliozaliwa huko Poland, mwaka 1979 alipiga magoti akabusu kisima alikobatizwa mwaka 1920. Mshumaa nao uhifadhini mahali pakavu, umefungwa kwenye kitambaa. Kila mwaka tarehe hiyo ikifika uwasheni mezani kwa dakika chache, na mtoto aulize ni wa nini.